Anakula Vizuri, Mbona Anakonda?

Huenda nyumbani mwako yumo mtu amalizaye sahani ya ugali na maharagwe, na bado nguo zazidi kumpwaya. Majirani wanong'ona kwamba amerogwa. Usiwasikilize. Muulize kwanza habari za choo chake.

Nyuma ya mfuko wa chakula tumboni ipo tezi iitwayo kongosho. Kazi yake moja ni kutoa maji yenye vimeng'enya vya kuyeyusha mafuta, nyama na wanga. Kongosho ikichakaa, maji hayo hupungua, na chakula hupita bila kumfaa mtu. Ndipo choo huwa kingi, cheupecheupe, chenye mafuta na kunuka mno. Katika choo cha shimo mambo hayo hayaonekani. Basi mgonjwa atumie chombo siku moja, atazame.

Ulevi wa miaka mingi huharibu kongosho, na tumbaku pia. Lakini wapo wagonjwa wasioonja pombe kamwe, hata watoto. Kwa hiyo tusimhukumu mtu.

Minyoo, kifua kikuu na UKIMWI navyo hukondesha. Kwa sababu hiyo usibahatishe. Mpeleke kwa daktari, umweleze yote bila haya. Hospitali kubwa yaweza kupima katika choo kimeng'enya kiitwacho elastasi. Kikiwa chini ya maikrogramu 200 katika gramu moja ya choo, kongosho hushukiwa. Chini ya 100, shaka huzidi. Sukari ya damu ipimwe pia, kwani kongosho hiyohiyo ndiyo itoayo insulini.

Dawa ipo: vidonge vyenye vimeng'enya vilivyotolewa katika kongosho ya nguruwe. Jirani Mwislamu aambiwe jambo hili mapema, apate kushauriana na daktari wake. Mtu mzima mara nyingi huanza na uniti 40,000 hadi 50,000 kwa mlo mkubwa, na nusu yake kwa mlo mdogo; daktari ndiye apangaye. Vimezwe pamoja na chakula, bila kutafunwa. Ukivimeza tumbo likiwa tupu, ni kazi bure.

Tena mgonjwa asinyimwe mafuta. Ale kidogo kidogo, mara nyingi, na aache kabisa pombe na tumbaku. Daktari aweza kumwongezea vitamini A, D, E na K.

Basi, fedha ya kuku uliyotaka kumpelekea mpiga ramli, ifanye nauli ya kwenda hospitali.