Vimba, tanuka, panuka, umuka: lipi lafaa kwa utando wa polima?

Mwanafunzi wangu wa tafsiri aliwahi kuniletea sentensi hii: “Filamu ilipanuka na kuyeyuka kwa moshi wa kiyeyushi.” Sarufi yake haina dosari, lakini mkemia akiisoma atadhani jaribio limeharibika. Kosa limo katika uteuzi wa maneno.

Tuanze na tukio lenyewe. Utando mwembamba wa polistirini, wenye unene wa nanometa 100, umepakwa juu ya kioo. Ukiwekwa penye mvuke wa tolueni, molekuli za tolueni hupenya baina ya minyororo ya polima na kuisukuma iachane. Polistirini, ambayo kwa kawaida hulainika kwenye takribani nyuzi 100 za Selsiasi, sasa hulainika hata katika joto la chumbani. Unene ukifika nanometa 130, husemwa kwamba uwiano ni 1.3. Mvuke ukiondolewa, tolueni hutoka na utando hunywea.

Sasa tupime vitenzi vyetu.

*Tanuka*: chuma hutanuka kikipata joto, lakini uzito wake haubadiliki. Utando wetu umeongezeka uzito, hivyo kitenzi hiki hakitoshi.

*Panuka*: kinatokana na *-pana*. Utando umeshikamana na kioo, hauwezi kuongezeka upana; huongezeka unene tu. Kitenzi hiki kinasema kinyume cha kilichotokea.

*Umuka*: unga wa maandazi huumuka kwa gesi inayozaliwa ndani yake. Tolueni imetoka nje.

*Vimba*: maharagwe yaliyorowekwa huvimba, mlango wa mbao huvimba wakati wa masika. Kitu kimepokea kiowevu au mvuke kutoka nje, kikaongezeka ukubwa pamoja na uzito. Hiki ndicho kitenzi chetu.

Kuhusu nomino, tofautisha *uvimbaji*, yaani mchakato, na *uvimbe*, ambao wasomaji wengi huuhusisha na maradhi. Kauli ya kusababisha ni *vimbisha*: mvuke huvimbisha utando. Jihadhari na *vimbiwa*, kwani utando haujashiba kupita kiasi.

Yapo mengine matatu. *Filamu* humpeleka msomaji sinema. *Utando* ni wazi zaidi. *Moshi* hutokana na kuungua. Kiyeyushi hutoa *mvuke*. Na *yeyuka* lingemaanisha kwamba minyororo imetawanyika ndani ya kiowevu, ilhali hapa polima imebaki juu ya kioo.

Sentensi ya mwanafunzi wangu, basi, isomeke hivi: “Utando ulivimba kwa mvuke wa kiyeyushi.” Ni fupi kuliko ya awali, na mtu akirudia jaribio kwa kuifuata, atajua anachopaswa kukiona.

Kabla ya kuchagua kitenzi, mfasiri ajiulize: je, kitu kimeongezeka uzito? Kimeongezeka upande upi? Kilichokiongeza kimetoka wapi?