Njia ya Taveta ni Kongwe Kuliko Nairobi

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msemo huo ni wa mabaharia, lakini ulinijia juzi nikiwa mbali na bahari, nimesimama njia panda ya Voi nikitazama malori yanayotoka Mombasa. Mengi yalishika njia ya Nairobi. Machache yaligeuka kushoto yakaelekea Mwatate, Bura, Maktau na Taveta, hata Holili katika nchi ya Tanzania. Hayo machache ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Msomaji anayejua safari za mizigo anajua taabu ya mlango wa Nairobi. Karibu na jiji hilo kuna mji uitwao Mlolongo, na jina lenyewe limetokana na misururu ya malori yaliyokuwa yakingoja zamu ya mzani. Dereva wa kwenda Arusha kwa njia ya Namanga hana budi kupanda hadi Athi River, mlangoni mwa msongamano huo, kisha ageuke ateremke tena kusini, safari ya kilomita kama 700. Kwa kupitia Voi na Taveta, safari hiyo hiyo ni ya kilomita kama 400 tu. Na mwenye mzigo wa Rwanda au Burundi aweza kuendelea kwa njia ya Singida asiuone moshi wa Nairobi kabisa.

Basi mbona watu walizunguka miaka yote hiyo? Jawabu ni vumbi. Nilipokuwa mtoto nilipelekwa Taveta na marehemu baba yangu katika basi lililojaa magunia. Tulipofika, kanzu yangu ilikuwa nyekundu kama udongo wa Mwatate, na mwenyeji wetu alitucheka kabla ya kutuamkia. Masika yakija, vumbi likageuka tope, na gari likikwama lilikaa hapo hapo mpaka Mola alipenda.

Mambo yalibadilika juzi juzi tu. Mwaka 2013 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha mkopo wa kuitengeneza njia hii pande zote mbili za mpaka, na mwezi wa Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakaizindua kazi hiyo huko Arusha. Lami ikatandikwa kutoka Mwatate hadi Taveta, na Arusha nayo ikajengewa njia yake ya kuuzunguka mji. Mwaka huo huo wa 2016 kikafunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha Taveta na Holili, ambapo msafiri hukaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja.

KABLA YA RELI

Wengi wamesema kwamba hii ni njia mpya ya kuikwepa Nairobi. Hapo ndipo mimi ninapotia neno. Njia hii haikuzaliwa ili kuikwepa Nairobi, kwani ilikuwapo wakati Nairobi haijawa hata kituo cha reli.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Lakini nusu karne kabla ya hapo, mwaka 1848, Johannes Rebmann alitoka pwani, akapita Utaita, akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Naye hakufyeka njia mpya; aliongozwa na watu walioijua. Misafara ya Waswahili wa Mombasa na ile ya Pangani ilikutana Taveta, ikapumzika katika kivuli cha msitu wake, ikanunua ndizi na nafaka, kisha ikaendelea Umasaini kutafuta pembe. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipokuwa akienda huko, alijiunga na msafara wa Jumbe Kimemeta wa Pangani. Taveta ilikuwa bandari isiyo na maji ya chumvi.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi. Haikujengwa kwa ajili ya ndizi za Taveta, bali kuwapeleka askari na risasi. Katika kilima cha Salaita, Februari 1916, jeshi la Waingereza lilirudishwa nyuma kwa hasara. Makaburi ya vita yapo mpaka leo Voi, Maktau na Taveta, yametunzwa vizuri. Lakini wapagazi wetu waliokufa kwa njaa na homa, aghalabu makaburi yao hayajulikani. Treni nayo kwa miaka mingi haikupita, reli ikalala majanini.

HAKI YA NJIA

Chuoni tulifundishwa kwamba njia ina haki yake na mpita njia ana haki yake. Katika njia nyingi za misafara, mgeni alitoa hongo. Siku hizo neno hilo halikuwa na aibu liliyonayo leo. Lilikuwa ni malipo ya wazi kwa wenyeji, kwa maji yao na amani yao. Msafara ulipita, na mahali ulipopita palibaki kitu.

Je, lori hubakisha nini? Sokoni Taveta nilimwuliza mama mmoja muuza ndizi:

“Bi mkubwa, lami imewaletea nini?”

“Imeleta, baba, nisiseme uongo. Ndizi zangu zikitoka hapa alfajiri, jioni hazijalala njiani, ziko Mombasa. Lakini zamani lori likikwama siku mbili, dereva alikula kwangu, akalala kwa jirani. Sasa nikiinua mkono, huyooo, kesha vuka!”

Maneno yake yana mizani. Hakuna mwenye akili atakayetaka tope lirudi. Lakini zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, na sehemu nyingine kubwa ni mashamba ya katani. Mwananchi amebakiwa na kipande chembamba, na ndovu naye hukivuka akitafuta maji. Katika kipande hicho ndimo barabara ilimopita. Kama kando yake hapatakuwa na mahali pa madereva kupumzika, na soko lenye kivuli, na ghala la kuhifadhi nyanya na ndizi, na vivuko vya watoto wa shule, basi tutakuwa tumeiondolea Nairobi msongamano, na Mtaita na Mtaveta tumewaachia upepo wa magurudumu.

Nairobi ilianza kwa sababu reli ilisimama hapo. Taveta ilistawi kwa sababu misafara ilisimama hapo. Miji hujengwa na wanaosimama. Wenye kupanga barabara na wafikirie mahali pa kusimama, si mwendo pekee. Nami, kwa kuwa ada yangu ni hiyo, naaga kwa ubeti mmoja:

Njia haina mwenyewe, mwenyewe ni mpitaji,
Ila mwenyeji apewe, sehemu ya mahitaji,
Vumbi tu asiachiwe, abaki mtazamaji,
Njia na ituchukuwe, isiupoteze mji.