Kuchimba Kisima Pasipo Hewa

Ukitaka kuielewa kazi ya mhandisi Kris Zacny, nenda kwanza ukasimame kijijini wanapochimba kisima kirefu. Lori limetegwa jeki, mlingoti umesimama, kompresa inanguruma. Keekee inazama, na hewa ya kompresa inarusha chengachenga za mwamba juu, nyeupe kama unga, hadi mafundi wote wanafanana na wasaga nafaka. Chengachenga zisipopanda vizuri, wanaongeza maji na povu. Macho yetu huwa kwenye chuma kinachozunguka, ilhali nusu ya kazi inafanywa na hewa, maji na uzito wa lile lori.

Mwezini, anakotaka Zacny kuchimba, hakuna hewa wala maji ya kumimina, na uzito umebaki sehemu moja ya sita. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ungeunyanyua kama wa kilo 8. Ukiikandamiza keekee kwa nguvu, kinachonyanyuka ni chombo chenyewe.

Zacny alisomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Cape Town, akafanya kazi kwenye migodi ya Afrika Kusini, kisha akaenda Berkeley, Marekani, kusomea udaktari kuhusu uchimbaji kwenye sayari ya Mirihi. Katika kampuni ya Honeybee Robotics ameongoza utengenezaji wa vifaa vya kuchimba nje ya Dunia. Naiona njia hiyo kuwa sahihi kabisa: aliyekwisha kuona mwamba ukigoma mgodini haudharau udongo wa Mwezi.

Na kinachotafutwa huko si dhahabu, ni maji. Tarehe 9 Oktoba 2009, katika safari ya LCROSS, NASA iligongesha kipande cha roketi ndani ya Cabeus, kasoko lililo karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, ambamo kuna sehemu zisizopata jua kamwe. Vumbi lililoruka lilikadiriwa kuwa na maji kiasi cha asilimia 5.6. Piga hesabu: ndoo moja ya lita 20 ingetaka kilo 350 hivi za udongo. Ni jasho, lakini maji hayo yakitenganishwa hutoa oksijeni ya kuvuta na haidrojeni ya kuwashia roketi, na kila lita inayopatikana kulekule ni lita isiyobebwa kutoka Dunia.

Keekee waliyoitengeneza Zacny na wenzake kwa kazi hiyo inaitwa TRIDENT. Inazunguka huku ikigonga kama nyundo, maana mapigo yanafidia uzito uliokosekana. Haishuki moja kwa moja. Inachimba sentimita 10, inapanda, inapanguswa udongo kwa brashi, inarudi tena, hadi mita 1. Subira hiyo ina sababu. Pasipo hewa wala maji ya kuipoza, keekee ingepata moto, na barafu ikipashwa katika ombwe hugeuka mvuke na kupotea. Ungekuwa umeunguza kilekile ulichokifuata.

Tarehe 2 Machi 2025 chombo Blue Ghost kilitua salama Mwezini. Kilibeba vifaa viwili vya Honeybee: PlanetVac ilikusanya udongo kwa kuupulizia gesi, na LISTER, iliyotengenezwa pamoja na Chuo Kikuu cha Texas Tech, ikazama karibu mita 1 kupima joto la chini. Siku nne baadaye chombo kingine, Athena, iliyobeba TRIDENT, ilifika karibu na ncha ya kusini, ikaangukia ubavu. Paneli zake hazikupata jua la kutosha. Kabla betri hazijaisha, keekee iliamriwa itoke. Ikatoka, ikajinyoosha urefu wake wote, kila kiungo kikiitikia, bila kuchimba hata punje moja.

Miaka ya kazi, na mashine nzima imelala hatua chache kutoka kwenye udongo iliotengenezewa! Inaniuma kila ninapoifikiria. Lakini waliokuwa Duniani walipata jibu moja walilolihitaji: keekee ilistahimili safari na baridi, na inafanya kazi. TRIDENT nyingine imekwisha kufungwa tumboni mwa VIPER, kigari cha NASA kilichoundwa kutafuta barafu kwenye ncha hiyohiyo ya kusini.