Kupanga Kozi za Muhula wa Kwanza katika Shahada ya Filamu: Nini Kitangulie?

IKISIRI
Makala haya yanajadili swali la kiutendaji lenye uzito wa kinadharia: mwanafunzi anayeanza shahada ya taaluma za filamu katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki asome nini katika muhula wa kwanza, na kwa mpangilio upi? Tunadai kwamba muhula huo hauna budi kujengwa juu ya stadi ya kutazama, na kwamba mifano na istilahi zake zianzie katika mazingira ya mwanafunzi mwenyewe.

1.0 Utangulizi
Taaluma ya filamu ni changa ikilinganishwa na ya fasihi. Ndugu Auguste na Louis Lumière walionyesha picha zao kwa hadhira iliyolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Chuo cha filamu cha VGIK kilianzishwa Moscow mwaka 1919. Muda wote huo pamekuwa na mvutano: filamu ifundishwe kama ufundi au kama matini? Mvutano huo huibuka upya kila kamati ya idara inapoketi kupanga kozi za mwaka wa kwanza. Wapo wanaotaka mwanafunzi ashike kamera tangu wiki ya kwanza, na wapo wanaotaka aanze na nadharia. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinachukulia kwamba mwanafunzi tayari anajua kutazama.

Dhana hiyo ina kasoro. Ni kweli kwamba mwanafunzi huja chuoni akiwa ameona filamu nyingi. Hata hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili naye hukisema vizuri pasipo kuweza kueleza mfumo wa ngeli zake. Kama vile kuwa mzungumzaji si kuwa mwanaisimu, kuwa mtazamaji si kuwa mhakiki. Kazi ya muhula wa kwanza ni kumvusha mwanafunzi kutoka hali moja hadi nyingine.

2.0 Mipaka ya Muda
Kabla ya kuorodhesha kozi, yafaa tuhesabu saa. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti 1 ni sawa na saa 10 za kujifunza, na mwaka mzima una krediti 120. Muhula, basi, una krediti 60, yaani saa 600. Tukichukulia muhula wa wiki 15, mwanafunzi ana saa 40 kwa wiki. Kozi za lazima za chuo, kama vile stadi za mawasiliano na taaluma za maendeleo, tukizitengea krediti 15, zinabaki krediti 45: kozi 3 za filamu, kila moja ikiwa na saa 10 kwa wiki.

Saa 10 si nyingi. Filamu ndefu hutaka saa 2 za kuitazama yote bila kukatizwa, na saa 3 za kuirudia kwa kusimamisha picha. Ukiongeza mhadhara wa saa 2, semina ya saa 1, na saa 2 za kusoma na kuandika, wiki imekwisha. Kwa hiyo kozi moja haiwezi kubeba zaidi ya filamu moja kwa wiki. Orodha yenye filamu 30 ni pambo la mtaala, haifundishiki. Aidha, idara isiorodheshe filamu ambayo haina nakala yake wala njia halali ya kuipata.

3.0 Kozi Tatu za Msingi

3.1 Lugha ya Filamu
Kozi hii ishughulikie shoti, pembe ya kamera, mwanga, sauti na mkato. Zoezi lake kuu liwe kueleza kwa maandishi dakika 3 za filamu, shoti baada ya shoti, bila kutoa hukumu yoyote. Mfano mzuri wa kuanzia ni Borom Sarret (1963) ya Ousmane Sembène. Kwa kuwa ina takriban dakika 20 tu, darasa laweza kuitazama mara mbili katika kikao kimoja. Mara ya kwanza mwanafunzi atafuata kisa cha mwendesha mkokoteni wa Dakar anayenyang'anywa chombo chake cha kazi. Mara ya pili ataanza kuona jinsi mtaa wa maskini na mtaa wa matajiri unavyopigwa picha kwa namna tofauti, na jinsi sauti ya ndani ya mhusika inavyoiongoza picha. Tofauti kati ya kutazama huku kuwili ndiyo somo lenyewe.

3.2 Historia ya Filamu
Mitaala mingi ya historia huanzia Paris na kufika Afrika Mashariki katika wiki ya mwisho, mtihani ukiwa mlangoni. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba kwao ni kiambatisho tu. Tunapendekeza historia hizo zifundishwe sambamba. Wiki inayojadili filamu za hali halisi za Uingereza, kwa mfano Drifters (1929) ya John Grierson, ijadili pia mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioendeshwa kati ya 1935 na 1937 kutoka Vugiri, Tanganyika. Hapo mwanafunzi atabaini kwamba mojawapo ya njia ambazo filamu iliingilia kwetu ni kuwa chombo cha kuelekeza watu waishi vipi, na atauliza ni kiasi gani cha desturi hiyo kimebaki katika filamu za mafunzo za miaka ya baadaye.

Vivyo hivyo, kuasisiwa kwa tamasha la FESPACO huko Ouagadougou mwaka 1969 kusomwe pamoja na kuundwa kwa Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968. Kisha zifuate Arusi ya Mariamu (1985) ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, Kolormask (1986) ya Sao Gamba, na Saikati (1992) ya Anne Mungai.

3.3 Usimulizi: Kutoka Matini hadi Filamu
Hapa ndipo idara ya Kiswahili ina mchango wa pekee. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), ilitolewa kama filamu mwaka 2021 chini ya uongozaji wa Amil Shivji. Mwanafunzi aisome kwanza, kisha aitazame. Swali lisiwe kama filamu imekuwa aminifu kwa riwaya, kwani swali hilo huifanya filamu mtumwa wa kitabu. Swali liwe: mawazo ya mhusika yanayoelezwa na msimulizi wa riwaya yamebebwa na nini kwenye filamu? Ni mwanga, ukimya, muziki, au yameachwa? Kozi hii ichunguze pia sanaa ya wasimulizi wa vibanda vya video nchini Tanzania, ambao huzifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzitia maelezo na utani wao. Hao ni ushahidi kwamba hadhira yetu haipokei tu, bali hutunga upya.

4.0 Suala la Istilahi
Mwanafunzi anayejadili filamu kwa Kiswahili bwenini na kuiandikia kwa Kiingereza darasani huwa na akili mbili zisizosalimiana. Ili kuziba pengo hilo, tunapendekeza kanuni mbili. Kwanza, istilahi zirithiwe kutoka taaluma za fasihi na tamthilia pale zinapotosha: onyesho, maleba, msuko, mhusika. Pili, pale zisipotosha, neno litoholewe, kama shoti, na litumiwe kwa maana moja katika kozi zote tatu. Faharasa ya pamoja ianzishwe wiki ya kwanza na ikuzwe na wanafunzi wenyewe.

5.0 Pingamizi
Yamkini patakuwa na pingamizi kwamba mwanafunzi aliyekuja kutafuta ajira atavunjika moyo asiposhika kamera. Pingamizi hili lina haki. Jibu letu ni zoezi dogo ndani ya kozi ya kwanza: kila mmoja apige, hata kwa simu, shoti moja ya dakika 1 isiyo na mkato. Filamu za awali za akina Lumière hazikuzidi urefu huo. Asiyeweza kukata hulazimika kuamua kamera isimame wapi na kwa nini. Utayarishaji kamili na nadharia pana vingoje muhula wa pili.

6.0 Hitimisho
Tumejaribu kuonyesha kwamba mpangilio wa kozi ni hoja kuhusu maana ya taaluma yenyewe. Kinachotangulia ndicho mwanafunzi atakachokichukulia kuwa kawaida, na kinachokuja mwisho atakiona kuwa ziada. Idara zinazopanga shahada hii zijiulize, kabla ya kuhesabu krediti, ni nani wanayetaka awe kawaida machoni pa mwanafunzi wao.