Kutoka Liwali hadi Gavana: Bi. Ngilu na Ndengu za Kanyangi

Neno gavana lilipoingia masikioni mwa wazee wetu lilikuwa na maana moja tu: Mzungu aliyeletwa na meli kutawala watu wasiomchagua. Kabla yake, sisi wa pwani tulikuwa na liwali, naye pia aliwekwa na mkubwa aliyekuwa mbali. Gavana wa kupigiwa kura Wamarekani walimzoea zamani, tangu walipojitoa mikononi mwa Mwingereza; hata hivyo ilibidi wangoje hadi mwaka 1925 kumwona mwanamke, Nellie Tayloe Ross wa Wyoming, akiapishwa kushika cheo hicho.

Kenya ilichagua magavana wake 47 wa kwanza mwaka 2013, wote wanaume. Mwaka 2017 wakaingia wanawake watatu kwa mpigo: Joyce Laboso wa Bomet, Anne Waiguru wa Kirinyaga, na Charity Kaluki Ngilu wa Kitui. Huyu wa Kitui ndiye ninayemzungumzia leo.

Bi. Ngilu alizaliwa mwaka 1952 huko Mbooni, upande ambao sasa ni Makueni, akaolewa Kitui. Alifanya kazi ya ukatibu, akaingia biashara, akaongoza vikundi vya akina mama. Inasimuliwa kwamba mwaka 1992 wanawake walimfuata nyumbani, wakamkuta jikoni anaosha vyombo, wakamwambia agombee ubunge. Akagombea Kitui ya Kati, akashinda. Mwaka 1997 yeye na Wangari Maathai wakawa wanawake wa kwanza kuwania urais wa Kenya. Hakuupata, lakini tangu siku hiyo jina lake halikuhitaji kutambulishwa.

Mwaka 2003 akawa Waziri wa Afya. Mwaka uliofuata ada ya matibabu ikashushwa hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye vituo vya afya. Akapeleka Bungeni mswada wa bima ya afya kwa kila raia. Ukapita, lakini Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Baadaye alishika Wizara ya Maji, kisha ya Ardhi, hadi mwaka 2015 alipokaa kando pamoja na mawaziri wengine kupisha uchunguzi. Wengi walidhani jua lake limekuchwa. Miaka miwili baadaye akamshinda Dkt. Julius Malombe, gavana wa kwanza wa Kitui.

Kazi ya gavana naona haipimiki vyema ukiwa umekaa mjini, ndipo nami nikashika njia hadi Kanyangi, katika Kitui Vijijini. Ni nchi ya jua kali na vumbi jekundu, ambako punda ndiye mwenye kubeba maji. Ukivuka mto Athi, umeingia Makueni. Huko ndiko amri za Bi. Ngilu zilikoonja utamu na uchungu wa maisha ya watu.

Mapema mwaka 2018 alipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga kutoka kaunti yake, miti isimalizike na mito isikauke. Wakati huo huo akahimiza kilimo cha ndengu, mbegu zikagawiwa wakulima. Ndengu hizo ndizo sisi tunazoziita pojo, tukazipika kwa tui la nazi.

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akipepeta nafaka zake, aliniamkia kwa adabu, kisha akanipa jawabu ambalo sijalisahau. "Mzee wangu," alisema, "makaa yalisomesha wanangu. Ndengu ni nzuri, lakini zinangoja mvua. Makaa hayangoji mvua."

Sikuwa na la kumjibu. Gavana alikuwa na haki, maana nchi isiyo na miti haitanyeshewa. Na mama naye alikuwa na haki, maana njaa haisomi sheria. Nasi tusijitoe lawamani: gunia linalouzwa mjini, mti wake umekatwa kwa watu fulani.

Misukosuko haikumwacha Bi. Ngilu. Mwaka 2020 madiwani walitaka kumng'oa, shauri likafika mahakamani. Mwaka 2022 alijitoa katika kinyang'anyiro, na Malombe yule yule akarudi kitini. Ndivyo dunia inavyozunguka.

Dini yatufundisha kwamba cheo ni amana, na amana ina siku ya kuulizwa. Liwali alimjibu Sultani wake, na gavana wa Kizungu alimjibu mfalme wake ng'ambo. Gavana wa leo, awe mwanamume au mwanamke, ana wa kumjibu aliye karibu zaidi: mama wa Kanyangi, aliyeombwa aache makaa yake leo, na ambaye ana haki ya kuuliza atakula nini kabla mvua haijanyesha.