Ukali, uchachu na ukakasi

Mjomba alipotuletea chupa ya gueuze kutoka Brussels, kila aliyeonja alisema neno moja: "Kali!" Rafiki mmoja akaongeza kwamba ladha ya namna hiyo huelezeka kwa Kifaransa tu. Nilikataa, na sababu yangu ni hii.

Gueuze ni mchanganyiko wa lambic changa na ya zamani. Lambic ni bia ya shayiri na ngano inayopikwa Brussels na kandokando yake. Mpishi haitii hamira. Huiacha ipoe usiku katika chombo kipana kilicho wazi, na hamira na bakteria za hewani huingia zenyewe. Kisha hukaa katika mapipa ya mwaloni mwaka 1 hadi 3. Mbao hupitisha hewa kidogo kidogo, na ndani yake huishi hamira iitwayo Brettanomyces, jina la Kigiriki lenye maana ya "kuvu wa Uingereza", kwa kuwa mwaka 1904 ilielezwa kutokana na bia ya Kiingereza.

Sasa tuonje kwa Kiswahili. Kwanza huja uchachu. Neno hili ni ndugu wa chachu: ladha na kinachoileta vina shina moja. Halafu huja ukakasi, unaokausha ulimi. Huo ni tanini ya mbao. Uchungu ni mdogo sana. "Kali" hufunika yote matatu.

Kwenye glasi ya pili rafiki yangu alikunywa polepole, akasema: "Ina ukakasi kama ndizi mbichi." Kifaransa hakukihitaji.