Wimbo wa Krismasi Usiochakaa



Katika kwaya yetu ya shule, kila mwaka ukaribiapo kwisha huzuka ubishi mmoja. Nao ni huu: je, wimbo wa Kiingereza uitwao "Last Christmas", yaani "Krismasi Iliyopita", wafaa kuimbwa katika sherehe ya kufunga shule? Wakubwa wetu wengine husema kwamba huo ni wimbo wa dunia tu, hauna hori, wala wachungaji, wala malaika. Wenzangu nao hujibu kwamba hata watoto wadogo waujua, basi kwa nini tuunyime nafasi? Mimi ni mwanakwaya wa Kidato cha Tatu. Naona ni heri nieleze kwa kifupi jinsi wimbo huu ulivyozaliwa, na kwa nini hauchakai, kisha kila mtu atoe hukumu yake.

Wimbo huu ulitungwa mwaka wa 1984 na George Michael, kijana wa Uingereza ambaye baba yake alikuwa Mgiriki wa kisiwa cha Kupro. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka 21, naye aliimba pamoja na rafiki yake Andrew Ridgeley kwa jina la Wham! Siku moja vijana hao walikwenda kuwaamkia wazazi wa George. Wakiwa wamekaa mbele ya televisheni, George aliinuka ghafula, akapanda ghorofani, na baada ya muda wa saa moja hivi akashuka na tuni mpya. Mwezi wa Agosti, katika joto la kiangazi cha London, akaurekodi wimbo wake wa baridi. Vyombo vyote alivipiga peke yake: kinanda cha umeme, ngoma za mashine, hata njuga zinazokumbusha magari yanayokokotwa juu ya theluji.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, watu wa Uingereza waliona katika televisheni picha za njaa kali iliyoipata Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Ukame pamoja na vita viliwaua watu mamia ya maelfu. Wanamuziki Bob Geldof na Midge Ure wakatunga wimbo wa kuchangisha fedha, wakawakusanya waimbaji mashuhuri wauimbe kwa jina la Band Aid. George Michael alikuwa mmoja wao. Santuri hiyo na ile ya "Last Christmas" zilitoka katika mwezi mmoja wa Desemba. Ya Band Aid ikawa ya kwanza katika Uingereza, na ya Wham! ikawa ya pili. Basi George alishindwa na wimbo ambao ndani yake mna sauti yake mwenyewe! Hata hivyo, Wham! walitoa mapato yao ya "Last Christmas" kuwasaidia Waethiopia wenye njaa. Hilo ni jambo ambalo wengi wanaouimba hawalijui.

Sasa tuangalie sababu za wimbo huu kudumu.

Kwanza, ni mwepesi kushika. Wapiga gitaa hutumia kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Katika wimbo huu kodi ni nne tu, na hurudi kwa mpango ule ule katika beti na katika kiitikio. Kwa wanakwaya, ya kwanza imejengwa juu ya do, ya pili juu ya la, ya tatu juu ya re, na ya nne juu ya so. Kila mwimbaji ajua jinsi so inavyotamani kurudi kwenye do. Kwa hiyo wimbo hujizungusha kama gurudumu, na msikilizaji huingia popote bila kupotea.

Pili, habari yake ni ya watu wote. Mtu alimpa mwenzake moyo wake siku ya Krismasi, na kesho yake akatupwa. Mwaka huu amejifunza, atampa mwingine anayestahili. Njuga zachangamka, lakini maneno yana huzuni. Mwenye furaha aucheza, na mwenye majonzi ajiliwaza nao. Hata wenzetu Waislamu hapa shuleni huuimba wakifua nguo, maana hauwatakii kukiri imani yoyote.

Tatu, hupata mapumziko. Wimbo unaopigwa kila siku huchosha. Huu hulala miezi kumi na mmoja, kisha hurudi na kumbukumbu za mwaka uliopita. Huko Ulaya kuna hata mchezo wa kujihadhari usiusikie tangu tarehe 1 Desemba mpaka mkesha wa Krismasi wishe. Ukiusikia, umetoka mchezoni. Washindi ni wachache!

Nne, njia ya kuhesabu imebadilika. Zamani mtu alinunua santuri mara moja, akaipiga nyumbani miaka ishirini, wala hakuna aliyemhesabu tena. Tangu mwaka wa 2014, katika Uingereza, kusikiliza kwa njia ya intaneti nako huhesabiwa katika orodha ya nyimbo zinazoongoza. Ndipo ilipoonekana kwamba watu hawakuwa wameuacha wimbo huu. Tarehe 1 Januari 2021 ukawa wa kwanza, miaka 36 baada ya kutoka. Mwaka wa 2023 ukashika nafasi ya kwanza siku ya Krismasi yenyewe, na mwaka wa 2024 vivyo hivyo. Mwenyewe hakuyaona hayo. George Michael alifariki siku ya Krismasi ya mwaka wa 2016, akiwa na umri wa miaka 53.

Maoni yangu ni haya. Wimbo huu si wa ibada, na tusiuweke mahali pa nyimbo za ibada. Wakubwa wetu wana haki katika hilo. Lakini sherehe ya kufunga shule si ibada, na wimbo uliosaidia kuwalisha wenye njaa haustahili kuitwa upuuzi. Tuuimbe, lakini kabla ya kuanza, mmoja wetu asimame awaeleze wazazi habari za Ethiopia. Nami nipo tayari kusimama, Mwalimu wa kwaya akiniruhusu.

Nawatakia nyote likizo njema.